Mpira Niliofunga kwa Paipu ya Samaki

Makutano, Meru

Kwa Mama Wanja, pale nyumbani Ishiara,

Nakusalimia wewe kwanza, kisha mbuzi, kisha hao wengine. Mgongo unasemaje? Ndengu zimetoa maua, ama jua limezichoma kabla hazijajua ziko duniani? Mimi ni mzima. Goti lililonileta huku limekubali dawa, ingawa baridi ya hapa haina adabu. Asubuhi nikitoka nje na makoti mawili, majirani wananiuliza kama nasafiri.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, kwa sababu kwa simu hunipatii nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema manne, halafu unampa simu mtu mwingine aniambie ulichosema. Karatasi itabidi uisikilize mpaka mwisho. Na najua Wanja amekupigia. Najua amekwambia baba yake alijaza maji nyumba ya muthoni wangu, mume wake Mwenda, na wewe ukasema hutakanyaga hapa mtoto akizaliwa mpaka ujue kama bado tuna mkwe ama hatuna. Hilo neno limeniuma. Mtoto wa kwanza wa Wanja, na akose nyanya wa kumwosha? Sasa sikia vile mambo yalikuwa, kutoka kwa mtu aliyesimama ndani ya hayo maji.

Unajua Mwenda ni mtu wa vioo. Ana duka hapa Makutano, anakata vioo vya madirisha. Sasa ametengeneza tanki ya kioo, ndefu kama jeneza la mtu mfupi, akaiweka sebuleni juu ya kabati, akatia maji na samaki wa rangi rangi. Niliuliza wataliwa lini. Wanja akasema hawaliwi, ni wa kuangalia. Nikaangalia. Baada ya muda nikauliza tena.

Kumbe tanki ni mbili. Ya juu ndiyo ya samaki. Ya chini imefichwa ndani ya kabati, na kazi yake ni kuosha maji. Kwa kona ya tanki ya juu kuna kisanduku cha kioo chenye meno kama kitana. Maji yakifika kwa hayo meno yanamwagikia ndani, yanashuka kwa paipu mpaka tanki ya chini, yanapita kwa sponji na kokoto yakiacha uchafu, halafu pampu ya stima inayasukuma juu tena kwa paipu nyingine. Kazi ni kuzunguka tu. Nilipoelewa nilicheka. Huu si ni mtaro wetu wa shamba, ila haya maji yanatembea siku nzima na hayafiki kwa hindi hata moja.

Aliyefunga hizo paipu ni fundi fulani wa mjini, na alienda akiacha inavuja. Kwa chini ya tanki ya juu, pale paipu inapita kwa tundu la kioo, tone, tone, tone. Mwenda alikuwa amekinga sufuria ya Wanja ya ugali, na tulikuwa tunakula wali kila siku. Nikaangalia mara moja tu. Ule mpira wa kuzuia maji ulikuwa umewekwa nje, na mpira unakaa ndani, upande wa maji, ili maji yenyewe yaukandamize. Hata mbuzi wa Ishiara wanajua. Nikaamuru samaki wahamishwe kwa beseni, maji yakatolewa, nikafungua, nikageuza, nikakaza kwa mkono bila spana, maana kioo si chuma, ukikikaza kwa hasira kinapasuka. Tulipojaza tena hakukuwa na tone. Nilipitisha kitambaa pale chini mbele ya Mwenda, nikakikunja, nikampa akishike. Kilikuwa kikavu kama ulimi wa mdaiwa.

"Asante, Baba," akasema. "Wewe ni fundi kabisa."

Mama Wanja, mtu asikudanganye kwamba sifa hazileweshi.

Kesho yake nikakaa mbele ya tanki nitafute kosa lingine. Ile paipu ya kurudisha maji juu, mdomo wake uko ndani ya maji. Na karibu na mdomo, chini kidogo ya uso wa maji, nikaona katundu kama ka sindano ya gunia, kanatoa maji pembeni. Nikashtuka. Mimi niliyefunga laini ya maji kutoka mtoni mpaka sokoni, mimi niliyekuwa naitwa hata na watu wa ng'ambo ya mto, niache paipu inakojoa mbele ya macho yangu, tena nyumbani kwa muthoni? Nikaomba jirani tyubu ya baiskeli iliyozeeka, nikakata utepe, nikaufunga vile tunafunga kwetu, mzunguko juu ya mzunguko, mkia ukaingia chini. Katundu kakanyamaza.

Mwenda aliporudi kutoka dukani aliona. Na hapa ndipo mila ilituponza, si mimi. Unajua mwanamume hawezi kumwambia baba wa mke wake kwamba amekosea. Anaweza kukohoa. Anaweza kutoka nje aangalie mawingu. Kumwambia, hapana, na Wameru kwa hilo ni kama sisi. Basi Mwenda akakohoa, akainama karibu na kioo, akaanza kuongea na samaki.

"Nyinyi samaki," akasema, "stima ikipotea itakuwaje? Si kale katundu ndiko kalikuwa kanavuta hewa, maji yakatike? Sasa yatanyonywa na paipu yarudi yote huko chini, na tanki ya chini ni ndogo."

Nikaona kijana amechoka na kazi. Nikamjibu kwa niaba ya samaki. "Wametulia hao. Tangu nifunge hapo hakuna aliyelalamika."

"Ndiyo, Baba," akasema, akaenda kunawa mikono.

Jioni Wanja akaniletea chai. "Baba, Mwenda anauliza kama huo mpira ni wa muda tu."

"Mwambie ni wa kudumu. Hiyo kazi hailipishwi."

"Baba, anauliza vizuri."

"Na mimi nimejibu vizuri."

Sitaki useme sikujua maji hunyonywa na paipu. Nani anatoa maji kwa pipa letu kwa kunyonya mpira? Najua sana. Lakini fundi akiona tundu, haoni paipu. Anaona tundu.

Basi ikaja Jumapili. Mama Mwenda, mkwe mwenzangu, alikuja na akina mama wa kanisa lake kumwombea Wanja, maana tumbo sasa limeshuka. Walijaa sebule nzima. Nikawaonyesha tanki na kazi yangu, wakasema ni ya ajabu. Halafu Mama Mwenda akasimama kuomba. Wewe unajua maombi ya kwetu, lakini ya huyu mama yana milima na mabonde. Alianza na Adamu. Tukafunga macho.

Alipofika kwa manabii, stima ikapotea. Nilijua kwa sababu pampu ilinyamaza. Halafu nikasikia sauti nyingine, kama ng'ombe anakunywa. Nikafungua jicho moja. Maji ya tanki ya juu yalikuwa yanashuka, na samaki wanaangalia juu kama watu wanaoona paa likiondoka. Nikaangalia kabati. Kwa chini ya mlango wake ulimi wa maji ulikuwa unatoka, mpole, ukielekea kwa zulia la Wanja. Nikaangalia upande ule mwingine nikaona jicho lingine liko wazi, na ni la Mwenda.

Tukaangaliana. Yeye aliangalia mpira, akaniangalia, akaangalia mpira. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya tanki, yeye yuko mwisho wa chumba nyuma ya akina mama wote. Nikamfanyia ishara kwa kichwa kwamba atulie, maombi yanakaribia kwisha. Hayakuwa yanakaribia. Mama Mwenda alikuwa anamwomba Mungu amiminie nyumba hii neema mpaka ifurike, na mama mmoja mnene akaitikia "Amina", akainua mguu, akauweka juu ya kochi bila kufungua macho.

Hapo Mwenda akashindwa. Akapiga kelele, "Baba, toa huo mpira."

Macho yote yakafunguka. Na nikwambie, Mama Wanja, hakuna hata mmoja aliyeangalia maji. Waliangalia Mwenda. Alikuwa amemkemea baba wa mke wake, mbele ya wanawake, katikati ya maombi. Mama yake alishika kichwa. Mimi nikaingiza mkono kwa tanki na koti langu, nikainua ule mdomo wa paipu juu ya maji, ukavuta hewa, ukapiga mbweu, maji yakakatika. Hakuna samaki aliyekufa. Lakini zulia lilikuwa limekunywa, viatu vya wageni pale mlangoni vilikuwa vimelowa, na hakuna aliyejali hivyo vyote.

"Mwenda," mama yake akasema polepole, "umesema nini na nani?"

Mwenda alitoka nje. Jioni hakurudi. Alilala dukani kati ya vioo, na siku iliyofuata akala huko, na nyingine tena, kwa sababu hangeweza kukaa chumba kimoja na mimi. Mama yake akatuma mbuzi dume mweupe, wa kusema mtoto wake amekosa. Nikamfunga kwa mti nyuma ya nyumba. Nakiri nilimpapasa mgongo nikaona ana mafuta. Nilikuwa mtu aliyekosewa, Mama Wanja, na si mara nyingi mtu anakosewa akapata mbuzi.

Lakini Wanja akaja akasimama mbele yangu, mikono juu ya tumbo. Hakulia. Ingekuwa afadhali.

"Baba, ukimla huyo mbuzi, Mwenda ndiye mwenye makosa."

"Si alipiga kelele?"

"Alipiga. Na maji yalitoka wapi?"

Nikaangalia samaki. Hawakunisaidia.

"Mama hatakuja kunishikia mtoto kwa nyumba ambayo mwenyewe analala dukani," akasema. "Na mimi sitazaa mtoto baba yake akiwa dukani. Chagua."

Sasa wewe unanijua. Kumwomba mkwe msamaha sijui, na mila hainiruhusu, na hata ingeniruhusu singeweza. Lakini nilifungua ule mpira, nikautia mfukoni, nikatembea na goti langu mpaka dukani. Alikuwa anakata kioo. Aliponiona akaangalia sakafu.

"Mwenda, hiyo mbuzi ya mama yako imekula maua ya Wanja."

"Pole, Baba."

"Mimi siipokei."

Akashtuka, uso ukawa kama jivu, maana kukataa mbuzi ni kukataa amani. Nikamwacha ashtuke kidogo, kisha nikaendelea. "Siipokei kama ya kosa. Kwetu maji yakifunguliwa mara ya kwanza, watu wanachinja. Hiyo tanki yako ilifunguliwa bila kuchinja. Unashangaa nini ikimwagika?"

Akafikiria. Akapangusa mikono. "Lakini Baba, kazi yenyewe haijaisha."

"Imebaki nini?"

Akakohoa.

"Usikohoe," nikamwambia. "Hapa hakuna samaki. Niambie mimi."

Akameza kikohozi kingine, akasema. "Ni ule mpira, Baba. Ile tundu nilitoboa mimi mwenyewe. Ilikuwa na kazi."

Nikautoa mfukoni nikauweka juu ya meza yake. Tulifunga duka tukaenda nyumbani, yeye hatua moja nyuma yangu, kama inavyotakiwa.

Siku ya kuchinja tulipima kazi. Akina mama walirudi, safari hii wakabaki na viatu miguuni, na kila mmoja akapewa beseni ashike. Mwenda akazima stima kwa swichi kubwa ya ukutani. Pampu ikanyamaza. Maji yakaanza kushuka, kidogo, kidogo, yakafika kwa katundu, kakanyonya hewa, kakalia kama mtoto anamaliza uji, yakasimama. Tukafungua kabati. Tanki ya chini ilikuwa imejaa mpaka kidole kimoja kutoka ukingo, na hapo ikatosheka. Mama Mwenda akasema sasa amalizie maombi yake, akaendelea kutoka kwa manabii palepale alipokatizwa.

Tulipoketi kula, nikachagua kile kiti kikubwa karibu na tanki, cha mtu wa heshima. Mwenda alikuwa anagawa nyama. Akasimama mbele yangu na sinia, akaniangalia usoni, mbele ya watu wote.

"Baba, hicho kiti bado ni dhaifu, gundi haijashika tangu kilowe siku ile ya maji. Kitavunjika. Hamia huku."

Mama Mwenda akashika kichwa tena. Wanja akaacha kutafuna.

Nikahama.

Kwa hivyo njoo. Mkwe tunaye, na sasa anaongea. Njoo na sweta na maziwa ya mbuzi wetu, ya hapa ni maji yaliyopakwa chokaa. Nisalimie ndugu yangu anayechunga, umwambie asiuze yule mwenye pembe moja. Nisalimie kitinda mimba wetu na walimu wake. Jirani wa juu, yule wa mizinga, mwambie asali nimeikumbuka. Na mwenyekiti wa kamati ya maji umwambie kwamba huku Meru nimefunga maji yanayopanda na kushuka ndani ya nyumba, na kila mtu ameona.

Ni mimi mume wako, ambaye kwa barua hii hukuweza kumkatiza,

Baba Wanja