Mechi ya Njiani

Jumanne usiku, Karatu

Mechi ya mwisho nilishinda, mbili kwa moja. Naandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Basi lilipopita Kisongo nilitoa gemu yangu ya mkononi, nikaiunganisha na bando la simu. Simu ikiingia katikati ya mechi intaneti inakatika, na unahesabiwa umekimbia. Kwa hiyo, kama kawaida yangu, nilizuia simu zote. Mimba ya Neema ina miezi minane. Nilijiambia mke wangu bado ana mwezi mzima.

Nilizifungua niliposhuka hapa jioni. Ujumbe wa jirani yetu, Mama Glory, ulikuwa umenisubiri saa nzima: chupa ya Neema imepasuka, wako kwenye bajaji, wanakwenda hospitali.

Nikapiga. Mama Glory akapokea.

"Shemeji, nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu! Ulikuwa unaongoza nchi?"

Akampa Neema simu.

"Ulikuwa wapi?"

"Mtandao wa huku mbovu, mke wangu."

Mtandao haujawahi kuwa mzuri kama leo.

"Mtoto amekaa vibaya, wananipeleka kupasuliwa. Naogopa. Usizime simu."

Hakusema usikatike mtandao. Alisema usizime.

Basi la kurudi Arusha ni alfajiri. Nimekaa kitandani na viatu miguuni, simu mkononi. Naiombea ilie, na naogopa ikilia. Kila dakika naangalia kama kweli nimeifungua.