Masika, na Huyo Mama Yako wa Maktaba

Masika, binti yangu wa kwanza,

Salamu utazipata nikishatua huu mzigo. Kwenye simu huwa nakuambia niko salama, na wewe unaamini. Leo naandika ili usinikatize: nina wivu. Ninao tangu uliponitumia ile video.

Umesimama pale Kasese, kipaza sauti mkononi, unawaeleza watu jinsi huduma yako ya simu ilivyoanza. Umependeza, mwanangu. Halafu ukasema unamshukuru mama yako wa pili, Madamu Biira wa maktaba, bila yeye usingefika popote. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nakuangalia hapa sokoni Bwera, karibu na mpaka, kwenye meza yangu ya samaki wa chumvi, na wenzangu wameinamia simu pamoja nami. Mmoja akauliza, sasa huyu mtoto alizaliwa na nani? Tukacheka wote. Mimi nilicheka kidogo kuliko wengine.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipokwenda huko maktaba wote wawili? Nilikuwa na samaki wa kupeleka soko la Kasese, wewe umevaa sketi uliyoinyoosha mara mbili. Nilifikiri maktaba ni ya wanafunzi wenye sare tu. Mlangoni nikamuuliza huyo Madamu Biira kiingilio ni kiasi gani, akasema hakuna, wewe uache tu mfuko wako pale mlangoni. Nilikukabidhi kwake kama ninavyokabidhi mzigo kwa mtu nisiyemjua, na roho ikabaki nyuma. Niliporudi jioni nilikuta mmekaa kwenye ngazi, mnakula karanga kutoka kiganja kimoja. Ulikuwa unamweleza kwa mikono yote miwili. Mimi ulinisalimia tu.

Njiani kurudi hukunyamaza. "Maman, ule mama iko najua fasi ya kila kitu," ulisema kwa Kiswahili chetu cha mpakani, kwamba anajua kila kitu kilipo. Alikutolea ripoti za mazao na za watu wenye simu, akakufungulia kompyuta, akakuambia kabla ya kuanza biashara utafute kwanza nani aliijaribu na kwa nini ikafa. Mkalikuta jibu kwenye magazeti ya zamani: kuna waliotuma bei za mazao kwa maandishi ya Kiingereza, na wakulima wakachoka kutafuta wa kuwasomea. Hapo ndipo ulipoamua yako iwe ya sauti. Mtu wa Kyarumba kule mlimani apige namba, asikie wanunuzi wa kutoka ng'ambo ya mpaka wanatafuta nini, kahawa au maharage, kabla hajajitwisha mzigo kichwani na kuanza kuteremka. Nilikusikiliza nikasema vizuri. Moyoni nilikuwa najiuliza kwa nini hayo yote hukuyasema kwanza kwangu.

Na siku uliyokuja sokoni na karatasi zako za maswali! Ulianza na meza yangu. Ukakaa wima kama afisa, ukaniuliza biashara iko namna gani. Nikajibu kama anavyojibu kila muuzaji akiona kalamu: "Iko mubaya, mutoto yangu. Mubaya sana." Ukaandika. Ukaenda meza ya pili, ya tatu, mstari mzima ukasema iko mubaya, hadi yule jirani yetu aliyekuwa anapaka rangi nyumba mpya. Ulirudi nyumbani umekata tamaa kwamba Bwera nzima inakufa njaa. Nilitaka kukupikia, nikubembeleze, nikuambie kesho tutajaribu tena. Asubuhi ulikuwa umeshaondoka kwenda kwake maktaba.

Yeye ndiye aliyekuonyesha vitabu vya mizigo inayovuka mpaka, ukaona biashara iko hai. Yeye ndiye aliyekufundisha uache kuuliza hali, badala yake umuulize mtu alinunua nini juzi, alimuuzia nani. Wanawake wakakujibu kwa furaha. Nilijigamba kwa wenzangu kwamba hata mimi ningekuambia hivyo. Nisingeweza. Hilo ndilo lililonichoma, kwamba alikuwa na kitu cha kukupa nami sikuwa nacho.

Sasa huduma imeanza, na sauti uliyoweka ni yake. Umewahi kufikiria hilo? Siku ya soko kila mteja wangu ana simu sikioni, na huyo Madamu Biira anaongea ndani yake kwa Lhukonzo, lugha yetu, kwa sauti laini, taratibu, na watu wanaitikia kwa kichwa. Wananunua samaki kwangu huku wanamsikiliza yeye. Nami nikitaka kusikia kazi ya mtoto wangu, lazima nimsikie yeye kwanza.

Haya yote ningeyameza. Kilichonishinda ni ujumbe wa juzi. Mnafanya sherehe ya shukrani pale maktaba, na umeniomba nije nitoe ushuhuda kama mteja wa kwanza. Mteja, Masika? Kwa hiyo yeye atakaa mbele kwenye kiti cha mama, nami nitasimama na wateja nieleze huduma ilivyo nzuri? Huenda hukuwa na nia mbaya. Nimeusoma ujumbe huo nikatafuta neno mama ndani yake, sikuliona.

Ushuhuda sitatoa. Lakini nitakuja kabla ya sherehe, siku ya kawaida isiyo na soko. Utaniingiza ndani, unikalishe pale anapokaa huyo mama, halafu uende mezani kwako usome. Usinihudumie, usinitambulishe kwa mtu. Kwa maana nimekuona ukilala, ukilia, ukiugua, ukicheza kwenye tope, lakini kusoma hasa sijakuona. Nyumbani ulikuwa unafunga daftari kila nikiingia, kwa sababu nikiingia kulikuwa na mzigo wa kupokea. Yeye ameuona uso wako unapopata kile ulichokuwa unakitafuta. Mimi mpaka leo siujui uso huo.

Nikishauona, siku ya sherehe nitakaa popote mtakaponiweka, na mkono wake nitaushika.

Mama yako, aliyekuzaa.