Mipira Laini ya Baba Mkwe

Uko wapi? Nimejifungia ndani ya gari nje ya duka la vifaa vya gofu, hata nguvu ya kuliwasha sina. Usinicheke.

Unakumbuka nilikwambia wakubwa wanamstaafisha bosi wangu Jumatatu kikaoni, na mwenyewe hajui? Basi nikatumwa mimi kununua zawadi ya kumuaga, eti kwa kuwa nacheza gofu wikendi.

Nimesimama mbele ya rafu na pakiti ya mipira mkononi, sijui nichukue ipi. Nasikia nyuma yangu, "Mwanangu, hiyo migumu unampelekea nani?"

Bosi. Bosi mwenyewe, na kaptula yake.

Nikasema baba mkwe. Nikasema anastaafu. Mdomo wangu huu.

Akafurahi jamani. Akairudisha ile migumu. "Mikono yetu sisi wazee haina kasi tena. Mchukulie laini, inaruka bila kulazimishwa." Akachagua na fimbo ya kusukumia mpira shimoni, akaijaribu pale kwenye zulia, akaniuliza baba mkwe ana urefu gani. Nikamwambia kama wewe tu.

Kama wewe tu. Nimesema hivyo huku namtazama usoni.

Pale kaunta akanunua glavu kwa hela yake, akaitumbukiza kwenye mfuko wangu. "Mpe mzee mwenzangu. Mwambie asiogope kustaafu. Mimi nikifika huko atanifundisha."

Sasa niambie wewe. Jumatatu anafungua boksi mbele ya ofisi nzima. Hiyo glavu niifunge humo humo?