Fulana Moja, Vifua Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Shabaha leo. Nimekosa tena. Si macho, si mkono — fulana. Kila nikiinua bunduki, fulana ya kuzuia risasi inapanda na ukingo wake unanigonga kidevuni. Nikikaza mikanda, matiti yanapondeka na pumzi inakata. Nikilegeza, ubavuni panabaki uwazi wa kupitisha mkono mzima. Mkufunzi kasema nipunguze malalamiko, risasi haichagui mwanamume wala mwanamke. Kweli haichagui. Aliyeshona fulana ndiye aliyechagua.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda stoo kubadilisha. Mtunza stoo kanipa "saizi ndogo". Ndogo ya mwanamume mdogo! Inaishia juu ya kitovu na kifuani haifungi. Kaniuliza kwa nini sikuzaliwa bapa kama wenzangu. Kacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Nami nikacheka naye. Najichukia kwa kicheko kile kuliko ninavyomchukia yeye.

Nyumbani mume wangu kaona michubuko chini ya matiti. Kasema nimwambie bosi, basi, yaishe. Rahisi kusema ukishinda dukani unauza taa na swichi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia bosi. Kanisikiliza vizuri, hata chai kaniagizia. Kisha kasema kama fulana inanisumbua, mapokezi kuna nafasi. Kukaa, kupokea simu, fulana haihitajiki. Ni kwa usalama wako, mama.

Mama! Miaka yote ya doria nilikuwa afande, leo nimekuwa mama. Ndiyo maana wanawake waliotangulia walinyamaza mpaka wakastaafu. Hapa ukisema kiatu kinakubana, wanakukata mguu. Nikamwambia mapokezi siendi, nataka fulana inayonitosha. Chai sikuimaliza.

Jumanne, 11 Machi

Imekuja. Moja! Wauzaji wametuma sampuli ya kike.

Nimeivaa palepale stoo. Kifua kimekaa mahali pake, mbavu zimefunikwa, nimeinua mikono na kidevu hakijaguswa. Nimevuta pumzi mpaka chini. Kidogo nilie, ila sikutaka kumpa mtunza stoo hadithi ya kusimulia.

Kisha Sindano naye kaijaribu. Ndiye mwanamke mwingine pekee kikosini — mwembamba, msichana wa juzi, kazi nimemfundisha mimi, ananiita dada. Tukakaza mikanda kidogo, naye ikamkaa sawasawa. Tukamuuliza bosi ni ya nani. Kasema tuelewane wenyewe, wanawake hawashindwi kugawana. Wanaume kila mmoja ana yake na hakuna aliyeambiwa agawane na mwenzake.

Tumeelewana: siku moja yeye, siku moja mimi. Sindano kafurahi, kanikumbatia. Mimi nilikuwa nahesabu siku zipi huwa na hatari zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Tumeitwa sote, mchana huu. Majambazi wamejifungia kwenye bohari nyuma ya kituo cha mafuta, wana bunduki, wameshampiga risasi mlinzi mmoja. Mlangoni tunaingia mimi na Sindano pamoja na wengine wanne.

Leo ni siku yake.

Nilifika stoo kabla yake. Mtunza stoo hakuuliza kitu, kanikabidhi. Nimeivaa. Juu yake koti la mvua, zipu mpaka shingoni, na jua lote hili. Naandika chooni, komeo nimelifunga.

Yuko hapo nje, anahangaika na lile gunia la zamani, fulana ya kiume. Nasikia anavuta mikanda, anaachia, anavuta tena. Nina watoto wawili, yeye hana. Ndivyo ninavyojiambia. Hesabu ya kishetani, lakini nimeipiga, na jibu nimelipata haraka mno.

Kagonga mlango. Dada, umeiona fulana yetu?

Yetu, kasema. Hata hajasema ni zamu yake.

Gari limewashwa. Dereva anapiga honi. Kagonga tena, taratibu, kauliza kama naumwa —