Bei ya Rafiki

Jumatatu, 3 Februari 2003

Majani ya ng'ombe, mizigo miwili. Maziwa lita nne. Ng'ombe kapiga teke ndoo, tumebaki na tatu. Saa tatu nimeshuka mjini na bahasha ya picha za watoto.

Aikande amezipokea hapohapo kaunta. Ameajiriwa kwenye intaneti kafe moja karibu na soko. Tangu Novemba anatengeneza tovuti ya kikundi chetu, sisi tunaosomesha yatima huku Old Moshi. Anaifanya saa ya chakula cha mchana, badala ya kula. Picha moja inachukua dakika nzima kutokea, nywele kwanza, halafu macho, halafu shati. Umeme ukikatika anaanza upya. Leo umekatika mara mbili. Hakulalamika. Mimi ningeipiga ile kompyuta ngumi.

Tumesoma darasa moja, tumepata kipaimara siku moja. Nje ya nyumba yangu hakuna mtu ninayempenda kama yeye. Naandika hapa kwa sababu usoni simwambii.

Alhamisi, 6 Februari

Tovuti imekamilika! Kamati nzima tumeshuka kuiona, watu tisa nyuma ya kiti kimoja. Mwenyekiti wetu, Mzee Elirehema, kaiona sura yake kwenye kioo, kavua kofia. Chini kuna namba inayohesabu wageni. Ilisema kumi na mbili. Wote ni sisi wenyewe.

Tukapanda tena, tukafanya kikao. Mimi ndiye katibu. Nikasoma ajenda: malipo ya Aikande. Mzee akasema huyo ni binti yetu, tumpelekee mkungu wa ndizi na debe la mbege, tumpigie na makofi. Mbege! Aikande hanywi pombe maisha yake yote. Wakacheka. Wakapiga makofi kweli, na mwenyewe hayupo.

Nikawakumbusha fundi wa madawati. Alilipwa siku hiyohiyo, taslimu, na ni shemeji yake Mzee. Nikajibiwa ile ilikuwa kazi ya mikono. Loo! Aikande yeye anaandika kwa miguu?

Fedha zipo. Wafadhili wa Ujerumani wametuma, na barua yao inasema ni za tovuti. Mzee anazitaka kwa geti jipya na mapokezi ya wageni. Eti wazungu wakija wakute geti. Nimetoka bila kuaga mtu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekwenda kumwambia Aikande. Nilitegemea atapiga kelele tupige pamoja. Hakupiga. Alikuwa anafuta vumbi kwenye kibodi, akaendelea kufuta. Ndipo akaniambia kwamba mwenye kafe amemkata mshahara miezi mitatu, kwa saa za mashine alizotumia kwa ajili yetu. Wateja wake wa kuchapa wamehamia kwingine. Kodi ya nyumba ni ya miezi miwili nyuma.

Akasema alikubali laki mbili kwa sababu aliyemwomba ni mimi. Basi.

Nimerudi nyumbani nimenywea.

Jioni nimepata nguvu. Nimemwandikia Mzee barua. Hundi za kikundi zinasainiwa na wawili, yeye na mimi. Sisaini ya geti, sisaini ya mapokezi, sisaini hata ya chaki, mpaka Aikande alipwe. Nimeipeleka mwenyewe. Nikamwamkia shikamoo, nikamkabidhi, nikageuka. Heshima yake nimempa. Saini yangu haipati ng'o.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani wamenitazama kama nimeiba sadaka. Shauri yao. Nimeimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Halafu mchana jambo ambalo sikulitegemea. Mzee amekwenda kwa Aikande na isale.

Isale! Jani letu la kuombea radhi. Likifika mlangoni kwako hukatai, hata aliyelileta awe amekuchomea nyumba. Unalipokea, unasamehe, hasira zinaishia hapo. Mzee wa miaka sabini amesimama uani kwa binti ambaye yeye alimbeba mgongoni utotoni, kashika isale kwa mikono miwili. Mama yake Aikande akalia. Aikande afanye nini? Amelipokea. Amesamehe.

Saa kumi Mzee kanitumia ujumbe: yameisha, njoo usaini hundi ya geti.

Jumatatu, 10 Februari

Nina hasira. Nimeunguza maharage. Nimemfokea mume wangu, naye hana kosa, kauliza tu kisu kiko wapi.

Ametumia kitu kitakatifu kukwepa deni. Na huwezi kumsema, maana nani atamsema vibaya mtu aliyeleta isale? Ujanja mtupu.

Baadaye. Nilikuwa mgombani nakata majani, mundu mkononi, likanijia nikasimama. Isale haliletwi bure. Anayelileta amekosa. Mtu hatoki kwake na isale kwenda kuomba radhi ya kosa ambalo hakulifanya.

Basi, Mzee wangu. Ulikosa nini?

Nimecheka peke yangu mpaka ng'ombe kanitazama.

Jumanne, 11 Februari

Kicheko kimekatika. Nikiuliza swali hilo kikaoni, na mimi ninalo la kujibu.

Barua ya wafadhili niliifungua mimi, Novemba. Tovuti: shilingi laki sita. Nikaikunja, sikumwonyesha mtu. Aikande alipotaja laki nne unusu, nikamwambia, shoga yangu, fanya laki mbili, bei ya rafiki, kikundi hakina kitu. Niliona nimefanya la maana. Laki nne zilizobaki tungenunulia sare za watoto. Kila mtu angesema Ndeshi katibu hodari.

Mzee alitaka kumlipa makofi. Mimi nilimpunja nikimwita shoga yangu. Sijui nani mbaya zaidi. Najua: mimi.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeuliza. Mbele ya wote, kwa adabu, nimesimama. Mzee, shikamoo, Jumapili ulipeleka isale kwa Aikande. Lilikuwa la kosa gani?

Akisema hakuna kosa, amelichezea isale, na hilo hakuna mzee wa huku atakayemvumilia. Alikohoa. Alishika kofia. Mwishowe akasema ni kosa la kuchelewesha. Nikauliza kuchelewesha nini. Malipo, akasema.

Nimeliandika kwenye muhtasari nikilisoma kwa sauti.

Hapo ningekaa. Nimebaki nimesimama, nikatoa barua ya wafadhili, nikasoma laki sita. Nikasema niliificha mimi. Nikasema bei aliyotaja Aikande mwenyewe, na bei niliyomshusha. Mtu mmoja nyuma akasema kumbe! Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki hii, na alikuwa na haki.

Wakabishana. Laki mbili alizokubali, wengine wakasema, asiongezwe hata senti. Mama Joyce, mweka hazina, mwanamke wa maneno machache, akauliza tutawaandikia nini Wajerumani. Wamelipia tovuti, wamepewa tovuti, fedha zikanunua geti? Kura zikapigwa. Laki sita zimepita kwa kura moja.

Kisha wakapiga kura ya pili. Ukatibu nimevuliwa. Wanataka mtu mtulivu. Watamtafuta wapi, sijui. Nimesaini hundi ya Aikande kwanza, hapohapo mezani, ndipo nikawarudishia muhuri. Sijuti. Wangenitoa mara kumi ningesema vilevile.

Jumanne, 18 Februari

Nimempelekea hundi. Nimemweleza yote, kuanzia Novemba, bila kujipaka mafuta.

Njiani nilipita kwenye uzio wa masale wa shamba la baba. Nilisimama. Ningechuma moja tu, angenisamehe leo hii, hana namna. Nikaendelea na safari mikono mitupu. Ameshafungwa mdomo mara moja mwezi huu. Mimi nilitaka aweze kunikataa.

Akasoma hundi. Akauliza kama nilijua tangu Novemba. Nikasema ndiyo. Akaikunja, akaiweka kwenye kitabu. Akasema ana mteja.

Nimepanda mlima kwa miguu. Sikutaka mtu anione kwenye gari.

Jumatano, 26 Februari

Aikande hajanitafuta. Jumapili alikaa benchi la mbele, nami la nyuma. Kodi ameshalipa, nimesikia kwa mama yake. Vizuri. Hiyo ni stahili yake, si zawadi yangu.

Naumwa moyo. Ningefanya tena.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Nilihitaji barua ya maombi ya mtamba kwa mradi wa ng'ombe, ichapwe. Kuna wachapaji wengine mjini. Nimekwenda kwa Aikande.

Kachapa kurasa mbili. Kasahihisha tarehe niliyokosea. Nikauliza kiasi gani. Akataja bei iliyobandikwa ukutani, mia tano kwa ukurasa, akaniandikia na risiti. Hakupunguza shilingi. Nikahesabu elfu moja nikamwekea mkononi.

Akaitia kwenye droo. Akasogeza kiti cha pili kwa mguu. Nikakaa.