Sindano ya Kufumia Ndani ya Ganda la Risasi

Jumamosi, Kariakoo

Nimeligundua mimi lile ganda bovu!

Risasi mpya madukani hakuna, kwa hiyo mume wangu, Baba Zena, anayajaza baruti upya maganda ya zamani, akalinde mahindi ya kijiji chao cha ujamaa yasiliwe na nguruwe pori. Huyakagua kwa macho tu, pale uani kwenye jua. Leo aliweka moja upande wa mazima, linang'aa kweli. Mimi nilikuwa nafuma kitambaa cha meza. Sijui nini kilinituma, nikaingiza sindano yangu yenye ndoano ndani ya ganda, nikaivuta taratibu. Karibu na kitako ikakwama.

"Baba Zena, hapa ndani pamelika."

"Fuma vitambaa vyako, mama."

Nilivyokasirika! Nikamwambia alikate tuone. Akalikata kwa msumeno wa chuma. Pale iliponasa sindano, ukuta umebaki mwembamba kama karatasi. Lingempasukia usoni.

Akausogeza mkebe wote wa maganda magotini kwangu.

Nimeyapima yote. Ila sasa kila atakapofyatua bunduki, mimi ndiye niliyesema, "Hili zima."