Mstari Ambao Sikuufuta

Mjomba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini sikulelewa kuanza mazungumzo na wewe bila shikamoo.

Huku Nzega mvua zimechelewa. Mama Kulwa amehamia Tabora kwa binti yenu, kule mtaa wa Ng'ambo. Anasema nyumba bila kikohozi chako haikaliki.

Nina jambo linanichoma.

Unalikumbuka lile jiwe lako jeupe, ulilolitoa kwenye duara lenu, lile shimo la kuchimbia, mwaka juzi? Ulinikabidhi mbele ya wachimbaji wenzako wote, kwa kuwa mimi mpwa wako ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuoni kusomea madini. "Hili si kwatzi hii ya bure tunayoitupa kila siku," ulisema. "Zito mno. Halafu linaichora kwatzi." Ukakwaruza kipande cha kwatzi kwa jiwe lile, pakabaki mstari mweupe. "Lamba kidole, ufute. Ukifutika, ni unga tu wa jiwe. Usipofutika, kwatzi imeumia."

Mimi, na buti zangu mpya, nilambe kidole chenye vumbi watu wakinitazama! Niliona haya. Nikasema, "Huo ni unga, Mjomba. Jiwe lako ni kwatzi." Wakacheka. Tangu siku hiyo wakakuita Mzee Chupa, eti unaokota vipande vya chupa ukidhani ni vito, na hukuwahi kunilaumu. Hata msibani kwako mtu alilitaja jina hilo kwa mzaha. Na mimi, Mjomba... nilicheka.

Wiki iliyopita Mama Kulwa alinipa mfuko wako wa zana. Jiwe limo, na kile kipande cha kwatzi umekifunga pamoja nalo kwenye kitambaa. Nikakwaruza upya, nikalamba kidole, nikafuta. Mstari haukufutika. Nilifuta tena na tena, kama mtu anayetaka ukosee.

Nikalipeleka kwa mtaalamu mmoja mjini Tabora. Akalipima, akasema ni fenakiti, aina adimu ya jiwe ambayo wengi huidhania kwatzi na kuitupa. Kisha akauliza nani aliitambua kule porini.

Nikajibu, "Mimi."

Kisingizio sina. Nilitaka sifa, na wewe hukuwapo kunikanusha.

Jumamosi tunakuja kusimika msalaba wako. Wenzako wa duarani watakuwapo, na yule mtaalamu nimemwalika. Nitasimama kabla ya chakula, asiwepo aliyekwisha kuondoka. Nitasema jiwe ulilitambua wewe, kwamba mimi niliyesoma sikulijua, na kwamba nililidai kuwa langu. Wakinicheka, wacheke, safari hii watakuwa na haki.

Pumzika, Mjomba. Msamaha sikuombi humu ndani ya barua, kwenye siri yetu wawili. Nitakuomba Jumamosi mbele ya watu, maana mbele ya watu ndipo nilipokukosea.

Mpwa wako,
Maganga